Kruaziyo ya Safari ya Kumrudisha

Lori letu lilianza kugonga wiki ileile mke wangu aliponiambia kwamba anarudi kwao. Kila nilipobadilisha gia, chini ya sakafu kulisikika "ko!", na nikikanyaga mafuta mwili mzima wa gari ulitetemeka. Dereva yeyote wa lori kuukuu anaujua mlio huo. Ni kruaziyo, kile chuma cha umbo la msalaba kinachoshika mti wa kardani, ili mti uzunguke huku ukipinda na nguvu ya injini ifike kwenye tairi za nyuma. Ukikidharau kikishachoka, siku moja mti huo utaanguka barabarani ukiwa bado unazunguka, na Mungu awasaidie walio karibu.

Nilizima injini mbele ya nyumba yetu, mtaa wa Rugenge, Uvira, nikafurahi. Watu wengine wangeficha jambo hilo. Mimi naona haya ya nini? Gari lililokufa lilikuwa linanizuia nisipoteze mke.

Kwa maana wazee wa kwao, watu wa bonde la Ruzizi, na wazee wa kwetu, ambao hata kuhusu chumvi ya mboga hawapatani, walikuwa wamekubaliana neno moja. Mwanamke anayeondoka kwa amani hurudishwa mchana, watu wakiona, na mwanamume yuleyule aliyemleta, kwa chombo kilekile kilichomleta. Akiondoka kwa gari la kukodi, watasema amefukuzwa. Akiondoka kwa miguu, watasema ametoroka. Mimi nilimleta kwa lori hili, juu ya magunia ya mchele, shangazi zake wakiimba nyuma. Basi ni lori hili lililopaswa kumrudisha, na lilikuwa limelala uani, halina haja na mtu.

Hatukugombana. Majirani walitafuta kosa, wakalikosa, wakaudhika. Tulikuwa na binti mmoja tu, na homa ilimchukua msimu wa mvua, akiwa hajaanza hata shule. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, na ni kweli, ila hawasemi kwamba wazazi wawili wanaweza kuuchukua kila mmoja kivyake mpaka wakapotezana. Mimi nilizitaka kandambili zake pale mlangoni. Nilizitaka alama za vidole vyake ukutani, nilikuwa nazigusa nikipita. Mke wangu vitu hivyohivyo vilikuwa vinammaliza.

"Minye siwezi tena," aliniambia. "Kila asubui niko naamuka juu ya kumuogesha. Niko nashika ndoo, kisha nakumbuka."

Niliisikia ile ndoo kila asubuhi. Nilimsikia anavyoishusha chini polepole.

Basi lori likakaa. Mafundi wa mtaani, ambao hawana kazi nyingi zaidi ya kutazama kazi za wengine, walianza utani wao. "Haraka haraka haina baraka, papa," walikuwa wakiniambia nikipita. "Wacha gari ipumuzike." Mmoja aliapa kwamba kruaziyo hazipatikani Uvira yote, wala Bujumbura. Walikuwa wananitakia mema kwa namna yao, nami sikuwakasirikia, ingawa mimi ni mtu wa hasira za karibu. Lakini baba mkwe alikuwa ametuma neno, akiuliza kwa heshima kama gari limepona. Mzee akiuliza kwa heshima hivyo, huwezi kuendelea kulala.

Nikaenda Kimanga, kwenye duka la vipuri. Muuzaji akauliza lori la aina gani, nikamtajia. Akashusha boksi safi, lenye picha, nikalichukua bila hata kulifungua. Nilipofika nyumbani nikaingia chini ya gari, nikafungua boliti, nikatoa kruaziyo ya zamani, nikaiweka ile mpya mahali pake. Haikuingia. Vikombe vyake, vile vinavyofunika ncha nne za msalaba, vilikuwa vinene kuliko matundu ya kardani.

Mtu wa nchi nyingine angelaumu duka. Hapa kwetu kosa lilikuwa langu tupu. Lori kuukuu la Uvira si lile linaloandikwa kwenye pua yake. Injini imetoka kwa moja, gia kwa jingine, na kardani yangu niliitoa mwenyewe kwenye gari lililokufa njia ya Baraka, nikaikata, nikaichomelea, nikajisifu mwaka mzima. Kwa lori kama hilo huendi dukani na jina. Unakwenda na chuma cha zamani mkononi, kama mtu anayepeleka kiatu cha mtoto sokoni apate cha ukubwa uleule. Hilo nililijua kabla sijaoa. Siku ile kichwa changu hakikuwapo.

Mtaa mzima uliamua kwamba nimefanya makusudi. Walicheka mpaka wakapigana mabega. Mke wangu alitoka ndani, akaitazama ile kruaziyo mpya juu ya gunia, akaitazama ya zamani, akaketi juu ya tairi la akiba. Yeye hakuhitaji kuelezwa. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja ni yeye aliyeosha vipuri kwa petroli na kuvipanga, na jicho lake kwa ukubwa wa chuma lilikuwa zuri kuliko langu.

"Weye, ulifanya ile kwa makusudi?" akauliza.

"Hapana. Nilisahau."

Alichora chini kwa kidole cha mguu.

"Ningependa ikuwe ya makusudi," akasema. "Ningeenda tu, lakini ningependa."

Kisha akainuka, akafunga kitenge vizuri, akaokota ile kruaziyo ya zamani, akaifuta grisi kwa kitambaa. "Tuende wote wawili," akasema. "Peke yako utaleta ya trakta."

Tukatembea mpaka Kimanga, yeye ameshika chuma kile katika kitambaa. Watu walitusalimu kama walivyotusalimu siku zote. Kwa muda wa njia ile tulikuwa mtu na mke wake wanaokwenda kutafuta kipuri, wanabishana kama waende kwanza duka hili au lile, na mimi moyo wangu, mjinga, ukaanza kujisahau. Nilimchekesha mara moja. Alicheka kweli, kisha akaziba mdomo kana kwamba ameiba kitu.

Dukani alichukua kikombe cha zamani akakisimamisha mdomo kwa mdomo na kikombe kipya, akainua vyote viwili kwenye mwanga aone kama kingo zinapishana. Akakataa za kwanza, akakataa na zilizofuata. "Mama iko mukali," muuzaji akasema, nami nikaona fahari, kama kwamba bado ilikuwa haki yangu. Mwisho zikabaki mbili mezani, na zote mbili zilitosha.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi. Vikombe vyake vilicheza vikizungushwa, sindano za ndani, zile nyembamba zinazobeba mzunguko, zilikuwa kavu na nyingine zimelala vibaya, tena haikuwa na kitundu cha kuingizia grisi. Imefungwa tayari, alisema muuzaji, haitaki kazi. Hiyo isingefika mbali. Katika njia ya kwetu, yenye mashimo, mizigo na mito inayovuka barabara itakavyo, ingeanza kulia kabla ya Kiliba, njiani kwenda kwao. Ya pili ilikuwa nzito, na kitundu cha grisi katikati ya msalaba. Ukizungusha kikombe chake kwa kidole hakisemi kitu.

Mke wangu alizisogeza zote mbili mbele yangu.

"Zote zinaingia," akasema. "Chagua weye."

Alijua tofauti yake kama ninavyoijua mimi. Akanigeuzia mgongo, akasimama anatazama barabara.

Nilichukua ile nyepesi. Niliishika muda mrefu, na muuzaji akadhani nimeipenda. Niliona yote: tumekwama chini ya mti wa mchikichi upande wa Kiliba, mchana kutwa, magodoro na masufuria yake juu ya gari, tunangoja msaada. Tunakula karanga. Tunazungumza yale ambayo ndani ya nyumba hayakuwezekana, na jioni ananiambia turudi. Niliitaka siku hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, isipokuwa mtoto wangu apone.

Lakini mti wa kardani ukikatika hauombi ruhusa ya kulala vizuri. Hupiga chini, hupiga juu, hukata mipira ya hewa ya breki, na lori lenye mzigo likikosa breki linakwenda linakotaka. Na ndani ya lori hilo angekuwa ameketi yeye, mama wa mtoto wangu. Nilimzika mmoja. Nikairudisha ile nyepesi ndani ya boksi lake.

"Hii," nikasema, nikaweka mkono juu ya ile nzito.

Aligeuka, akaona, akaitikia kwa kichwa. Akalia palepale, mbele ya muuzaji na wateja wake, bila kujifunika uso. Muuzaji, maskini, akaanza kumhakikishia kwamba tumechagua kitu kizuri.

Niliifunga mwenyewe, sikutaka mkono wa fundi. Nilipiga grisi mpaka ile ya kiwandani ikatoka katika vikombe vyote vinne na ikafuata mpya. Kesho yake, jua likiwa limepanda, watu wakiona, tukapakia vitu vyake. Kandambili za mtoto aliniachia.

Sijawahi kuendesha gari laini kama siku ile. Tukapita Kiliba, tukapita mashamba ya miwa, tukaingia bonde lililo wazi, na chini ya miguu yetu hakukusikika kitu. Kwenye vizuizi vya askari walitupungia mkono tu, siku ambayo ningewashukuru kama wangetuchelewesha mpaka jioni. Yeye alitazama milima ya Burundi ng'ambo ya bonde. Mimi nilitazama barabara, kwa sababu barabara ilikuwa kazi yangu.

Kwao walitupokea kwa adabu. Baba mkwe alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita mwanawe, akaniambia nimemrudishia mtoto kama nilivyompokea. Nilitaka kumwambia kwamba si kweli, kwamba nilimpokea anaimba. Nikasema aksanti, baba. Mashemeji walishusha vitu, na kila kitu kilichoshuka kilinifanya niwe na haraka ya kuondoka na hofu ya kuondoka.

Kruaziyo mpya huguswa kwa mkono baada ya safari yake ya kwanza. Ikiunguza, imekazwa vibaya, na haifai kuendelea nayo hata hatua moja. Nilikuwa nimesahau. Ni yeye aliyekusanya kitenge chake, akachutama ubavuni mwa lori mbele ya ndugu zake wote waliovaa vizuri, akapenyeza mkono chini, akauweka pale. Aliuacha muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Nilijikuta naomba, kweli naomba, kwamba iwe inaunguza.

Akautoa mkono, akaupangusa kwenye nyasi.

"Haiko moto," akasema, bila kunitazama. "Unaweza kurudia nyumbani."

Sikuwa na sababu nyingine ya kubaki, nikapanda.