Cook na Cooker

Juzi binti yangu alirudi kutoka masomo na daftari lake la Kiingereza, akaniuliza, "Mama, cook na cooker ni kitu kimoja?" Nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo. Nikaacha. Hasira ilinipanda kama vile ningali na miaka kumi na tatu.

Rafiki yangu, mama yangu alikuwa mpishi pale mtaani Birere. Alikuwa na babula tatu, yale majiko ya makaa, chini ya turubai, na ikikaribia saa sita harufu ya maharagi na samaki kutoka Vitshumbi ilitufuata hadi darasani. Asubuhi, kabla ya masomo, mimi ndiye niliyekata vitunguu; vidole vyangu vilinuka siku nzima. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikula pale karibu kila siku.

Siku moja akaandika ubaoni: My mother is a cooker. Akaniita nisome, kwa kuwa wote walijua kazi ya mama. Nikakataa. Jirani yetu, mama mmoja aliyekulia Uganda, alikuwa amenieleza: mpishi ni cook, cooker ni jiko, kile chombo chenyewe cha kupikia.

"Mwalimu, mama yangu si jiko. Ni mutu."

"Weye mutoto, unajua kupita mwalimu?"

Akanipigisha magoti nje, juu ya mawe ya volkano, yale meusi yenye meno, mpaka kengele ikalia. Akanipa na zero.

Kesho yake jirani akaniazima kamusi. Nikampelekea mwalimu, akasoma. Nilimwona akirudia mstari uleule kwa kidole. Akaifunga. "Nenda ukae," akasema, basi. Darasa hakuliambia kitu, zero hakuifuta. Saa sita akaenda kula kwa mama.

Wenzangu wakaendelea kuamini kuwa mpishi ni cooker. Wakipita Birere waliita, "Mama Cooker!" Mama, ambaye hakujua Kiingereza hata neno, alidhani ni sifa. "Karibuni, batoto yangu!" Akawaongezea mchuzi. Jioni akaniambia, "Unasikia namna wananiheshimu?"

Nikainama, nikaendelea kuosha sahani.

Turubai lile halipo tena. Pale pamejengwa duka la simu. Mwalimu naye amezeeka, watu wanamsifu mbele yangu, nami nauma meno. Wengine huniambia ni herufi mbili tu. Mbili! Binti yangu nilimweleza tofauti yake mara tatu. Mama sikumwambia kamwe. Tulimzika akiamini lile lilikuwa jina la heshima, na mpaka leo sijui kama nilimlinda, au nilinyamaza pamoja na mwalimu.