Uwanja Uliofagiwa wa Kalengera

Nakumbuka asubuhi moja ya Kalengera, mwanangu, na kila nikiikumbuka nashusha macho.

Nilikuwa kijana asiyetulia. Shule niliiacha primeri ya tano, nikachuuza samaki Vitshumbi, nikabeba magunia Goma, na popote palipokuwa na jambo geni nilitaka kuliona mwenyewe. Basi niliposikia kwamba kimbunga kimeshuka Kalengera, kikakata njia nyembamba katikati ya mashamba, na kwamba wanatafutwa vijana wa kuandika hasara, nilipanda lori siku ileile.

Aliyetuongoza alikuwa muzee Kambale, mwalimu mstaafu kutoka Butembo, mtu mpole mwenye kikohozi. Alitufundisha kazi tukiwa tumesimama kati ya migomba iliyolala. Upepo hauonekani, alisema, na ukishapita haujibu maswali. Tunausoma katika kile ulichovunja. Alituonyesha miti ya mikalitusi iliyosokotwa kama nguo inayokamuliwa. Alituonyesha migomba, huu umeangukia upande wa mlima, ule upande wa barabara, tukajua kwamba hapo upepo ulizunguka. Kisha kila nyumba ilipewa daraja kwenye fishi, karatasi yake ya kujaza. La kwanza, mabati machache yameng'oka. La pili, paa limekwenda. La tatu, nyumba haifai kulala mtu. Hizo za tatu ndizo zingepata miti na mabati kabla ya mvua kubwa. Na kabla hamjaandika, alitusihi, ingieni ndani, msukume nguzo kwa mkono.

Siku mbili nilisukuma nguzo. Siku ya tatu nikajiona fundi. Ndivyo ulivyo ujana, mwanangu: ukijua ukurasa mmoja unafunga kitabu.

Siku hiyo ya tatu nilifika kwa Mama Furaha. Uwanja wake ulikuwa umefagiwa, hakuna hata jani. Ukuta ulikuwa umepakwa udongo mpya, bado una alama za vidole. Alinitolea kiti, akaniambia mume wake, Papa Anselme, amelala ndani, kwani miguu yake haikuwa na nguvu tena.

"Ingia kwanza, kijana. Muzee wangu atafurahi kuona mugeni."

Mimi nilikuwa nimebakiza nyumba nyingi, na jua lilikuwa kali. Nikabaki barabarani, nikacheka.

"Mama, hata upepo ulikuogopa. Nyumba yako iko muzuri kuliko ya shefu wa kijiji."

Naye alicheka, kwa adabu tu. Nikaandika daraja la kwanza. Kwa jirani yake mabati yalikuwa bado yametapakaa na mwenye nyumba amehamia kwa ndugu zake. Huyo nikampa la tatu, wala sikukosea.

Jioni muzee Kambale alisoma fishi zangu moja moja. Akafika kwenye ile ya Mama Furaha, akaniuliza nguzo zilikuwaje. Nikamjibu kwamba zilikuwa imara.

Mvua iliwahi kuliko sisi. Tuliporudi na lori la miti na mabati, tulikuta mabenchi ya matanga yamepangwa kwa Mama Furaha na watu wameketi. Ukuta wa chumbani ulikuwa umelala chini. Walimtoa Papa Anselme chini ya udongo, lakini hakuwa tena na pumzi. Angekuwa na miguu, angekimbia.

Nilimsogelea mama yule nikitaka anitukane. Hakunitukana.

"Walisema wageni banakuja," aliniambia, "njo maana nikafagia, nikapakaa udongo. Mugeni utamupokea mu takataka?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Mimi nilikuja.

Nilichukua jembe nikafukua pale ukuta ulipoanguka. Nguzo nne za upande ule zilikuwa zimekatika kwenye usawa wa ardhi, kwa msokoto uleule wa mikalitusi. Nyumba ilikuwa imeshikwa na udongo wa mikono ya mwanamke. Kama ningesukuma kwa kiganja kimoja tu, ingeniambia.

Muzee Kambale alikuja akasimama nyuma yangu, akakohoa kwa muda mrefu.

"Nyumba njema si mlango, kijana," alisema. "Nilikuuliza nguzo, ukanijibu ukuta."

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mjukuu huyu nimezeeka naye hapa Munigi.

Kwa hiyo nisikilize. Ukitumwa kupima maumivu ya mtu, usiyapime kutoka barabarani. Watu wetu wakisikia hodi hufagia, huvaa nguo safi, husema hatujambo. Si uongo, ni heshima yao. Wewe ingia, kaa, uliza nani analala wapi, gusa kwa mkono. Aliyejisafisha usimwone mzima, wala aliyeshindwa kufagia usimwone mvivu. Na ukiulizwa jambo ambalo hukulitazama, sema, "Sikutazama." Utaona haya kidogo, kisha utarudi kutazama. Neno hilo moja, lingesemwa jioni ile, lingempeleka muzee Kambale kwa Papa Anselme kabla ya mvua.

Mungu akupe miguu isiyochoka kuvuka vizingiti vya watu, na mdomo usioona aibu kukiri. Na kila mlango utakaoufungua, akukutanishe na mtu aliye hai.