Lenah wa Kuku na Mtambo Unaojua Flashi

Kazi yangu ni kunoa. Nanoa panga, slasha za kukatia nyasi na visu vya jikoni, jiwe langu likiwa kwa baiskeli, kutoka Kitale mpaka Misikhu, kwa hiyo nyumba nyingi nazijua kwa mlango wa nyuma. Moja ambayo sipiti bila kusimama ni ya Lenah Chepchumba, upande wa Matisi. Nataka kumwandika kidogo, maana watu kama yeye hawaandikwi.

Lenah anauza vifaranga wa siku moja. Ana mashine ya kuangulia inayochukua mayai mia sita, na wateja wake wako Saboti, Ndalu, mpaka Misikhu kule Bungoma. Kifaranga akishatoka kwenye yai anatakiwa achukuliwe siku hiyo hiyo. Chumba cha Lenah chenye jiko la makaa kinatosha vifaranga mia moja tu. Wanaozidi hapo, baridi ya Kitale inawamaliza.

Zamani alikuwa anapigia wateja simu mmoja mmoja, siku mbili nzima, mpaka sauti inakauka. Ndipo mwezi wa tatu akaenda kwa Muigai, mwenye ofisi ya kompyuta juu ya duka la mbegu mjini, akachukua mtambo wa kutuma ujumbe. Muigai alimpa ule mzuri kuliko yote. Ulituma kwa watu sitini mara moja, na kwa simu ya mteja lilitokea jina CHEPKUKU, bila namba, kama kampuni kubwa. Kompyuta ikasema wote wamepata. Siku ya kuchukua wakaja watu kumi na tisa.

Nilipita kwake siku tatu baadaye, nikamkuta anafukia vifaranga waliokufa nyuma ya jikoni. Hakulia wala hakumtukana Muigai. Aliniambia tu kwamba ataangua mara moja tena, na ikiwa hivi tena mashine ataiuza, kwa sababu yeye hawezi kuleta viumbe duniani waje kufa mikononi mwake.

Mtu mwingine angekimbilia mtambo mwingine siku ile ile. Lenah alivaa gambuti zake za matope akaenda kwa wateja. Mimi nilimkuta Misikhu, kwa Mama Nakhungu, nilikokuwa nimepeleka slasha. Nakhungu ni mama wa maneno mengi, na vifaranga wake ishirini hakuwa amewachukua. Lenah hakumlaumu. Alimwomba amwonyeshe simu yake. Ilikuwa kabambe, simu ndogo ya vibonye, imefungwa na mpira isifunguke.

"Ile ya CHEPKUKU nilifuta," Nakhungu alisema. "Jina bila namba, si hao ni watu wa kamari? Kila siku wananiambia nimeshinda, na sijawahi kucheza."

"Na kama ungejua ni mimi?"

"Ningekuflashi. Sasa jina nitaliflashi aje? Kuka, si umwelezee huyu mtoto wako wa Kitale." Hapo alikuwa ananigeukia mimi, kuka kwao ni babu.

Huku kwetu flashi ndiyo jibu. Mtu hana kredo ya simu, au vidole vimezoea jembe na vile vibonye ni vidogo, basi anapiga, ikilia mara moja anakata. Maana yake nimesikia, nakuja. Kila mtu anajua hivyo, lakini hakuna aliyekuwa ameuambia mtambo.

Lenah akaenda Ndalu, akaenda Saboti, akapata maneno yale yale. Yaliyofuata nilisimuliwa na Muigai mwenyewe nikimnolea makasi. Lenah aliingia ofisini na kabambe ya mama mkwe wake, akataka kila mtambo aliokuwa nao Muigai utume ujumbe kwa hiyo kabambe, halafu yeye aflashi kurudisha. Ule wa jina ukakataa. Wa pili, wenye picha za rangi, ujumbe wake haukufika kabisa, unataka intaneti. Wa tatu Muigai aliona hata haya kuuwasha. Unatumia namba ya kawaida, na kwa kioo cha kompyuta sura yake ni kama daftari la shule. Lenah alipoflashi, namba ya kabambe ikajitokeza pale, na saa yake.

"Huu unajua flashi," Muigai alisema. "Lakini mama, hakuna mtu hununua system juu ya flashi."

"Sasa yuko mmoja."

Mayai yakaingia mashineni. Jumatano kabla ya kuangua, akatuma kwa ule mtambo wa tatu, ulioungwa na simu yake: Mimi ni Lenah wa kuku. Vifaranga ni Ijumaa. Kama unakuja, flashi hapa mara moja. Ukinyamaza nitapea mwingine.

Nilikuwa uani nikinoa jembe lake. Saa nzima simu haikulia. Alipukuchua mahindi ambayo hayakuhitaji kupukuchuliwa. Halafu simu ikalia, ikakatika. Ikalia tena. Kufika jioni walikuwa wameflashi arobaini na wanane, na wale kumi na wawili walionyamaza, fungu lao likaenda kwa akina mama wa Saboti waliokuwa wakingoja nafasi.

Ijumaa mvua ilishuka kutoka mlimani. Maboksi yakaondoka moja moja, na saa kumi na moja likabaki moja, la Nakhungu. Mama mmoja wa Saboti akasema alitaka hilo pia, ati huyo wa Bungoma hawezi kuja na mvua hii.

"Aliflashi," Lenah alisema, akaliweka boksi nyuma yake.

Nilimuuliza kama niwashe jiko la chumba. Akasema tungoje kidogo. Si muda mrefu Nakhungu akatokea langoni, amelowa mpaka leso, kikapu kimefunikwa na karatasi ya nailoni. Alitutazama tulivyosimama.

"Kwani mnashangaa nini? Si niliflashi?"

Lenah alimpa vifaranga wake na chai. Jiko la chumba halikuwashwa. Akaingia ndani kuosha trei za mashine, maana Jumatatu kulikuwa na mayai mengine ya kuingia.