Mzee Asiyeitikia Shikamoo

Mimi ni fundi umeme, si mtu wa hadithi. Hili lilinipata mwenyewe, nikiwa na akili timamu, bila tone la pombe. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize kwanza.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilitolewa Dar es Salaam nikapelekwa kijiji kipya, huko Mbulu, kati ya Dongobesh na Maretadu, kuendesha jenereta. Moja tu, ya taa za hospitali ndogo na mashine ya kusaga. Nilijiona nimeshushwa. Mjini nilikuwa nalinda umeme wa mitaa mizima. Nilijua jinsi mji mkubwa unavyoingia gizani: mzigo unazidi, kituo kimoja kinazima, mzigo wake unaangukia cha jirani, nacho kinazima, hivyo hivyo mpaka mji wote. Dawa yake tulifundishwa mapema: punguza mzigo kabla mitambo haijaelemewa, na usiahirishe matengenezo. Sasa jenereta ya kijijini ingenishinda nini?

Jioni moja muuguzi, Dada Rehema, mtu wa Tabora, alikuja mbio. "Fundi, tuna mama amekwama uzazi, daktari anajiandaa kumpasua. Taa isitikisike!"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Lakini kwenye mashine kulikuwa na foleni ndefu ya mahindi, na katibu wa kijiji alishanibana kwamba wote wasagiwe siku hiyo. Nikaacha vyote viende pamoja.

Jua lilikuwa linazama nilipomwona mzee amesimama ndani ya kibanda cha jenereta, amejifunga blanketi. Sikumsikia akiingia.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Wewe umewahi kuona mzee wa Mbulu asiitikie shikamoo? Nikamwamkia tena. Kimya. Kisha akaweka mkono juu ya bomba la moshi, bomba la kukubabua ngozi, akauacha pale kama anayempapasa ng'ombe mgonjwa. Mkono ulikuwa na vidole vinne.

"Mwanangu, imeelemewa," akasema. "Zima mashine ya kusaga. Na mafuta yana maji, yamwage kabla hawajaanza kumpasua yule mama. Nakuomba."

Niamini, maji yalikuwemo kweli. Mapipa yalinyeshewa wiki nzima, na kusafisha chujio nilikuwa nakuahirisha. Muda ulikuwepo, kazi yenyewe ya robo saa. Lakini huyu mzee anifundishe mimi umeme? Niliinama kuokota kitambaa, nilipoinuka hayupo, na mlango ulikuwa nyuma yangu, asingetoka bila kunipita.

Sikufanya kitu. Nasema tena: sikufanya kitu.

Upasuaji ukiwa katikati, jenereta ikakohoa mara mbili, ikazima. Nikasikia Dada Rehema akipiga kelele, "Taa! Fundi, taa!" Nilihangaika na chujio. Walipokuja kupata taa ya karabai, damu nyingi ilikuwa imemtoka. Mtoto walimtoa mzima, wa kike. Mama yake, Paskalina, hakuamka.

Asubuhi nilikwenda msibani kumwomba radhi mama mzazi wa marehemu Paskalina. Nilimweleza yote, hata habari ya yule mzee. Nilipotaja vidole vinne alinishika mkono.

"Ni baba yake Paskalina, mume wangu," akasema. "Ndiye aliyeendesha hiyo jenereta kabla yako. Mkanda wa mashine ulimkata kidole. Mwaka wa pili huu tangu tumzike."

Nilisubiri matusi, na heri angenitukana.

"Kwako amekuja," alisema. "Kwangu hajaja hata siku moja."

Baadaye nilirudishwa mjini, nikafanya kazi chumba cha kuongoza umeme mpaka nikastaafu. Niligombana na wakubwa kwa kukataa kuongeza mzigo, kwa kuzima laini ili matawi yanayogusa nyaya yakatwe na mafuta ya transfoma yapimwe. Waliniita fundi mwoga. Nakubali, mimi ni mwoga. Yule mtoto sasa ni mwalimu huko Endasak. Huniita mjomba, na anajua mama yake alifariki kwa uzazi. Mengine sijapata kinywa cha kumwambia.

Na wewe uliyekabidhiwa swichi ya watu, akija mtu kukuambia mtambo umeelemewa, usimuulize amesomea wapi. Punguza mzigo, safisha, ndipo uendelee. Huwezi kujua ni nani amelala mezani, tumbo limefunguliwa, akiitegemea taa yako.