Sahihi Kumi na Mbili za Mkono Mmoja

Tangu ghala la mahindi pale Mazwi lilipouzwa kwa mtu binafsi, niliingiwa na hofu kila asubuhi kabla sijafika getini. Nilikuwa mshona magunia. Tajiri mpya alishasema mbele ya watu kwamba mashine moja ingetosha kufanya kazi ya sisi wanawake wanne, na mimi ndiye niliyeajiriwa mwisho. Nilikuwa mjane, na watoto wawili. Kuficha hofu sijui. Nilidondosha sindano mara kwa mara hadi wenzangu wakanicheka.

Zamani tusingehangaika hivyo. Ukiajiriwa tu, ushakuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, upende usipende. Sheria mpya ikaja na mambo yake: kila mtu ajiunge kwa hiari, asaini fomu yake mwenyewe, na tajiri atalazimika kukaa mezani na chama ikiwa tu zaidi ya nusu yetu wamejiunga. Tusipofika hapo, angetuita mmoja mmoja na kuamua nani aondoke. Na mimi peke yangu, mbele ya tajiri, ningesema nini?

Kwa kuwa niliandika vizuri, chama kikanikabidhi fomu. Tulikuwa ishirini na wawili. Wanane tulisaini, huku macho yetu yakiwa kwenye mlango wa ofisi. Wawili hawakutaka hata kushika kalamu. Wakabaki makuli kumi na wawili, wapakuaji wa malori.

Makuli wale walitoka Msanzi pamoja. Huko walikuwa kundi la kulimiana: mwenye shamba anapika pombe ya ulezi, anamwambia kiongozi wao, na kiongozi akikubali wote wanafika na majembe. Hakuna anayeulizwa mmoja mmoja. Kufanya hivyo ni kumdharau mkubwa wao. Ghalani nako walikuja hivyo hivyo, wakaajiriwa kwa neno la kiongozi wao huyo, mzee mmoja. Basi nikampelekea yeye fomu zote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lete."

Akaketi juu ya gunia, akasaini zote kumi na mbili, polepole, ulimi umetoka kidogo. "Vijana wangu wote wamo," akasema. "Usiwe na wasiwasi."

Nami, niliyejiona msomi, nikaona ni sawa kabisa. Hadi leo nikikumbuka najikasirikia.

Tajiri alizitazama zile fomu, akaona kumi na mbili zina mkono mmoja, akapinga. Asubuhi moja ya baridi ya Juni, ile inayokufanya ushone na sweta mbili, akaja afisa wa serikali kuhakiki. Kiongozi wa makuli alikuwa amekwenda na lori Kaoze kuchukua mahindi. Afisa akawaita wale kumi na mmoja waliobaki, mmoja baada ya mwingine, nami nikahamishia magunia yangu chini ya dirisha.

"Umejiunga na chama kwa hiari yako?"

"Muulize kiongozi wetu."

"Nakuuliza wewe."

"Yeye ndiye anayesema, bwana."

Wa pili vile vile. Wa tatu vile vile. Nilitaka kupaza sauti, lakini tajiri alikuwa amesimama mlangoni, nikainamia gunia langu. Kila aliyetoka alinipungia mkono kwa kuridhika, kwa maana alikuwa amemheshimu mkubwa wake.

Lori lilirudi mchana, afisa ameshaondoka. Kiongozi akashuka, akanijia moja kwa moja.

"Wamesemaje vijana?"

"Wamesema uulizwe wewe."

Akacheka kwa furaha, akajipiga paja. "Si nilikuambia? Hawa hawawezi kuniacha."

Nikamwambia kwamba mbele ya kila jina afisa ameandika: hajajiunga.

"Wote?"

"Umebaki wewe, mzee. Wewe na sisi wanane."

Kicheko kikakatika. Akavua kofia, akaikung'uta vumbi la mahindi hata baada ya vumbi kuisha. "Na kazi yako, mwanangu?" akauliza. Nikavuta gunia jingine, nikashona.

Wiki iliyofuata mashine ya kushonea ililetwa getini. Ilikuwa nzito, na waliopaswa kuishusha ni makuli wale wale. Tajiri akamwambia kiongozi, kiongozi akaitikia, wakainua kwa pamoja, wakapita nayo mbele yangu wakitazama chini. Nikachomoa uzi kwenye sindano yangu, nikaenda kuirudisha ofisini kabla sijaitwa.