Furaha aliweka "easily" mahali pake, akanyimwa kazi

Salamu kwenu wakuu, na nyinyi mnaosoma kila siku bila kuchangia pia nawaona.

Hili limenitokea mimi mwenyewe na sitaongeza chumvi. Kuna sehemu linanivua nguo, nitaiacha hivyo hivyo. Nikifoka mniwie radhi, bado nina hasira.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza huku Masisi, milimani, ambako shule husomesha kwa Kifaransa. Kuna binti anaitwa Furaha, alimaliza shule kwetu akarudi kulima maharage na mama yake. Ila Kiingereza hakukiacha. Kila Jumapili baada ya misa anakuja kwangu na daftari, tunapiga mazoezi mpaka mke wangu anauliza kama leo hatuli.

Juzi kati shirika fulani, jina nalihifadhi, likatangaza nafasi ya mkalimani wa kufuatana na madaktari wageni wa Kiingereza wanaozunguka vijijini kuanzia Kashebere mpaka Itebero. Nafasi moja tu, kwa mtihani wa kuandika.

Furaha akaenda. Akarudi na karatasi imejaa wino mwekundu. Amekuwa wa pili, kapitwa kidogo sana.

Nikaisoma. Wakuu, damu ilinichemka.

Kwa wasiojua English: ukitaka kusema wanawake wanaoweza kubeba maharage kwa urahisi, unasema "women who can easily carry beans". Hiyo easily inakaa kati ya can na carry. Hata ukiipeleka mwisho kabisa, baada ya beans, hakuna ubaya. Ila kuichomeka kati ya carry na beans, hapana.

Furaha aliandika vizuri kabisa. Msahihishaji akamkata, akaandika pembeni: "women who can carry easily beans".

Swali lingine, Furaha kaandika "a road which will soon reach Itebero". Bwana mkubwa akageuza: "which will reach soon Itebero". (Hiyo barabara yenyewe tunaingoja mpaka leo, lakini tuyaache.)

Hicho ni Kifaransa kilichovalishwa shati la Kiingereza!

Kesho yake nikapanda pikipiki mpaka Kashebere, nikafika na matope magotini. Msahihishaji nikamkuta ofisini, jamaa mpole anaitwa Serge, anakunywa chai. Nikamwekea karatasi mezani.

"Papa, mimi siko natunga," akasema. "Minafuata corrigé. Yenye iko mu corrigé njo iko juste."

Corrigé ni ile karatasi ya majibu ya kusahihishia; kwake, iliyomo humo ndiyo sahihi. Nikamwambia hiyo nayo iliandikwa na mtu, na mtu hukosea. Akasema imesahihisha mitihani ya huku tangu zamani na hakuna aliyewahi kulalamika.

Hapo nikapiga meza, chai ikamwagika. Nikasema nionyeshe huyo mjinga aliyeiandika!

Serge akafuta chai, akafungua kabati, akaitoa. Fotokopi ya fotokopi, pembeni imeshafifia.

Mwandiko ulikuwa wangu.

Nilikaa bila kukaribishwa. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifundisha Walikale. Kiingereza nilikuwa nimekisoma kwa kupitia Kifaransa, natafsiri neno kwa neno, na kanuni hiyo na mifano yake niliwaandikia wanafunzi kwenye karatasi, wakaitoa fotokopi. Waliokuja kuwa walimu wakafundishia fotokopi zile zile, mpaka ukurasa wangu ukawa corrigé.

Ngoja niseme yote. Miaka michache baadaye nilijua nimekosea. Nikabadilisha notes zangu kimya kimya, nikahamia Masisi, nikafundisha vizuri kuanzia hapo. Wale wa kwanza sikuwaambia. Niliona aibu.

Basi nikamwambia Serge kwamba mjinga ndiye mimi. Nikaandika barua pale pale na kuitia saini: kanuni ni yangu, ni kosa, Furaha alikuwa sahihi. Mnajua alinijibu nini?

"Pole, Mwalimu. Lakini liste ya majina ilishatoka. Na corrigé iko corrigé."

Jamani! Mwenye karatasi ameikana karatasi yake mwenyewe, na bado inayoaminiwa ni karatasi!

Nilirudi nikawakuta Furaha na mama yake wanapepeta maharage. Nikawaeleza bila kuficha kitu. Mama akaendelea kupepeta, kisha akaniuliza, "Papa Josué, tangu ulijua, haukurudia hata siku moja kuambia bale batoto?"

Nikaitoa mfukoni ile barua Serge aliyonirudishia, nikampa Furaha.

Furaha hakulia. Alisoma barua yangu, akaigeuza upande wa pili.

"Haiko na cachet," akasema. "Bila cachet ya masomo habatasoma. Weka cachet, Papa, mimi mwenyewe nitaipeleka."

Nikaenda kwa préfet, mkuu wetu wa shule, kuomba hiyo cachet, yaani muhuri wa shule. Amekataa. Anasema nitaiaibisha shule kwa jambo dogo la neno moja.

Neno moja! Kwa hilo neno moja binti wa watu amerudishwa kwenye jembe, na mimi niliyemrudisha bado nashika chaki na kuitwa mwalimu.

Nilichojifunza: ukikosea mbele ya watu, jisahihishe mbele ya watu. Nilivyofanya mimi, kimya kimya, nilijisafisha peke yangu na wengine nikawaacha na uchafu wangu.

Mliosoma kwangu Walikale mwaka ule, kama mmo humu, kateni ule mstari. Na kama mnafundisha, waambieni wanafunzi wenu aliyewapotosha ni mimi.

Wengine nipeni ushauri: huyu préfet nimwingie vipi? Matusi pia leteni, nitayasoma yote.

Furaha bado anasubiri muhuri.