Mchumba wa Kwenye Foni

Mama Riziki alikuwa muuza vitenge katika soko la Kamina, mjane mwenye mwili mkubwa na kicheko cha kusikika mpaka gare, kwenye kituo cha treni. Babu zake walitoka Kasongo, kule Maniema, wakifuata biashara, naye aliirithi miguu yao: hakujua kutulia. Lakini mwaka ule wa 1998 vita vilikuwa vimeanza upya. Treni zilipita kwa kubahatisha, na mtu aliyetaka habari za mbali alikwenda kwa Amédée, mwenye foni.

Foni ilikuwa redio ya kuongelea, imewekwa katika chumba kimoja nyuma ya gare, inakula moto wa betri ya gari. Ukitaka kusema unabonyeza kitufe. Ukimaliza unasema "à vous", unaachia, mwenzako naye anajibu. Siri haikuwepo. Waliokaa kwenye benchi kungoja zamu yao walisikia kila neno, na wenye mashine katika miji mingine walisikia vilevile.

Siku moja Riziki alikuwa anaulizia vitenge Lubumbashi, mara sauti ya mwanaume ikaingilia kati, laini kama mawese yaliyopata moto.

"Pardon, mama. Minyi njo Shafii, niko ku Zambia, ku Chililabombwe, niko na camion yangu ya kubeba mizigo. Nimesikia sauti yako, roho imesimama. À vous."

Benchi zima likasogea karibu. Riziki akatengeneza kwanza kitenge chake, kana kwamba mashine inamwona.

"Mujibu, mama," Amédée akamnong'oneza. "Batri inaisha."

Ndivyo uchumba ulivyoanza. Kila Jumatano Riziki alijipaka mafuta, akavaa vizuri, akaenda kuongea na mashine. Shafii alisema asili yake ni Kasongo, mtu wa kuswali, na mkewe amefariki. Riziki akiishiwa maneno, benchi lilimsaidia. Mzee Kabange, aliyestaafu kazi ya reli na ambaye hakuwa na mtu yeyote wa kumwita, hakukosa hata Jumatano moja.

"Muulize kama iko na bibi ingine!"

"Amesema hana, papa."

"Muulize tena! Muntu wa camion!"

Hatimaye Shafii akatoa neno lenyewe. "Kule kwenu iko vita. Kuya huku tuoane. Uzisha mali yako yote, ukuye na franka yote. Vaa kitambaa ya manjano ku kichwa, nikujue. Mi nitakungojea ku arrêt ya bus kila siku saa sita. Ukuye weye moja, na usiambie muntu. À vous."

Watu wote wa benchi walitikisa vichwa kwamba hawatamwambia mtu.

Kabla jua halijapinda, soko zima lilikuwa na habari. Djamila, wifi yake Riziki, alifika akiwa bado ameshika mwiko wa kusongea bukari.

"Muntu mwenye anakuambia usiambie muntu, ule njo wa kuogopa! Utaenda ku inchi ya bantu, hauna ndugu, unabeba mali yote?"

"Uko na wivu, wifi."

"Wivu ya nani? Ya redio?"

Riziki alinuna. Hata hivyo, alipofunga safari, sehemu kubwa ya mali aliiacha kwa Djamila. Laissez-passer yake, karatasi ya kuvukia mpaka, aliifunga kiunoni ndani ya kitenge, akaahidi kwamba atangojea penye watu wengi na hatamwachia mtu mkoba wala karatasi zake. Kitambaa cha manjano kilikuwa kipya kabisa.

Treni ikakwama njiani kabla ya Likasi, kwa sababu wanajeshi walikuwa wamechukua lokomotivu ya kuivuta. Riziki alifika Chililabombwe amechelewa zaidi ya wiki, amejaa vumbi. Akaketi kwenye kituo cha basi, mbele ya posti ya polisi, katikati ya wauza maandazi.

Pembeni yake alikaa mama mwembamba. Naye alikuwa na kitambaa cha manjano.

"Minyi njo Kalenga, natoka Luena," yule mama akasema. "Nangojea mchumba wangu."

"Na minyi nangojea wangu! Wako ni nani?"

"Lazare. Anaimba ku chorale ya Katolika."

Riziki akapumua. "Wangu ni Shafii. Anaswali."

Wakafurahiana, wakagawana maandazi. Ila Kalenga, huku anatafuna, akaongeza, "Siku ya kwanza aliniambia: nimesikia sauti yako, roho imesimama."

Riziki akaliweka andazi chini.

Bado wanatazamana, bwana mfupi mwenye koti kubwa akatokea, anatabasamu. Alipoona vitambaa viwili, tabasamu likamganda usoni.

"Asalaam aleikum," Riziki akamsalimu.

"Wa aleikum salaam," yule bwana akajibu haraka.

"Yezu asifiwe," Kalenga akasema.

"Milele na milele."

Wauza maandazi wakageuka.

"Minyi ni mudogo wake," bwana akaanza kujikanyaga. "Kaka iko ku kazi. Munipe ma sac na ma laissez-passer, niwapeleke ku nyumba. À vous."

Ilikuwa sauti ileile ya mawese. Alijisikia mwenyewe akisema "à vous", akaurukia mkoba wa Kalenga. Riziki akauwahi, akaukalia. Bwana akavuta kwa nguvu zote, mkanda ukakatika, naye akaanguka chali mikononi mwa wauza maandazi, ambao Kiswahili hawakukijua vizuri ila mwizi walimjua. Polisi walipovuka barabara walimkuta amefunikwa unga, anawaomba wao ndio wamwokoe. Huko posti wakaambiwa kwamba kuna mama mwingine aliyewahi kumwachia bwana huyo karatasi na mali, akarudi mpakani kwa miguu analia.

Jioni ile wanawake wawili walikodi chumba kimoja. Riziki alivua kitambaa, akakikunja polepole.

"Sauti yake ilikuwa muzuri," akasema.

"Muzuri sana," Kalenga akajibu, na machozi yakamtoka.

Wakalia kidogo. Kisha Kalenga akakumbuka yule bwana akijibu salamu za dini mbili kwa pumzi moja, wakacheka mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kama wanaumwa. Kesho yake walinunua vitenge pamoja, wakarudi pamoja, na tangu hapo hawakusafiri ila wawili.

Aliporudi Kamina, Riziki angeweza kunyamaza. Aibu ilimchoma, na Djamila alikuwa anajitahidi sana kutosema kitu. Lakini Jumatano aliingia kwa Amédée, akabonyeza kitufe.

"Bamama bote benye munanisikia. Kama mwanaume anakuambia roho yake imesimama, ukuye weye moja, ubebe mali yote, usiende. Na kama unaenda, karatasi yako usipatie muntu. Minyi Riziki wa Kamina, nimeenda, nimeona. À vous."

Mashine ikakoroma. Kisha sauti ya mwanamke ikatokea, kutoka Bukama.

"Rudilia polepole, mama. Dada yangu iko anafunga mizigo."

Riziki akavuta kiti, akaketi, akarudia neno kwa neno.